Shafti ya gari hubadilishwa nyumbani, ila si kwa nyundo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie shafti ya mbele ya gari iliyochakaa, yaani kile chuma kinachopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi gurudumu, na swali ambalo wenye magari huliuliza kila mara: je, mtu anaweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani? Jibu langu ni kwamba anaweza. Vifaa si vingi, na hata anayeifanya kazi hii kwa mara ya kwanza anaweza kuimaliza kwa siku moja asipoharakisha. Tatizo ni maelezo yanayopita mkono kwa mkono. Ni mafupi mno: fungua nati, gonga shafti itoke, sukuma mpya, kaza. Yanaruka sehemu zilezile zinazoharibu kazi. Matokeo yake giaboksi inaanza kuvuja, beringi inaanza kuvuma, taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapofunga breki) inawaka, na lawama zote zinaiendea shafti mpya ilhali kosa liko kwenye ufungaji.

Nazungumzia magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, yenye injini iliyolala kwa upana. Kila upande una shafti yake, na kila shafti ina jointi mbili. Jointi ya nje, upande wa gurudumu, ina gololi, kwa kawaida 6, zinazotembea ndani ya mifereji iliyochongwa kwenye chuma kigumu. Hiyo ndiyo inayoliwezesha gurudumu kukata kona huku likiendelea kuzunguka kwa mwendo uleule bila kurukaruka. Muundo huo wa gololi ulitokana na kazi ya mhandisi Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920, na gari la Mini lililotoka mwaka 1959 lilichangia sana kuueneza kwenye magari madogo. Jointi ya ndani, upande wa giaboksi, kwa magari mengi ina miguu mitatu yenye rola. Yenyewe inateleza kuingia na kutoka, kwa sababu gurudumu linapopanda na kushuka, umbali kati ya giaboksi na habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu, hubadilika. Jointi zote mbili zimejazwa grisi na kufunikwa na buti, ile raba yenye mikunjo.

Shafti nyingi zinazokufa mapema huuawa na buti lililochanika. Raba inapasuka ndani ya bonde la mkunjo, mahali ambapo mtu haoni mpaka auvute mkunjo kwa vidole. Mzunguko unairusha grisi nje, mchanga na maji vinaingia, na kuanzia hapo gololi zinaisaga mifereji yake zenyewe. Ukiinama ukaona grisi nyeusi imeruka na kuchora mstari ndani ya rimu, kwenye shokapu na kwenye mkono wa chini unaolishikilia gurudumu, umeshapata jibu kabla hujafungua nati hata moja.

Sauti nazo husaidia, lakini ndizo zinazowafanya watu wanunue kitu wasichokihitaji. Tafuta uwanja mpana, kata usukani mpaka mwisho, nenda mduara polepole ukiwa gia ya kwanza na ukikanyaga mafuta kidogo. Fanya hivyo kulia, kisha kushoto, kisha kwa kurudi nyuma. Mlio wa tak-tak-tak unaoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta ni wa jointi ya nje. Mara nyingi unaokuwa mkubwa zaidi ni wa gurudumu lililo nje ya kona, yaani ukikata kushoto, mtuhumiwa wa kwanza ni shafti ya kulia. Jointi ya ndani haipigi kelele za namna hiyo. Yenyewe hulitikisa gari unapoongeza mwendo, hasa ukiwa umebeba mzigo au unapanda mlima, na mtikisiko hupotea mara tu unapoinua mguu. Mvumo unaoongezeka na mwendo kasi, usiojali kama umekanyaga mafuta au la, na unaobadilika gari likiegemea upande mmoja, ni beringi. Kugonga kwenye matuta ni bolijointi, kiungo cha gololi kwenye mkono wa chini, au stabilaiza linki, kifimbo cha chuma cha kulizuia gari lisilale. Na kishindo kimoja unapotoa gia ya kwenda mbele na kuweka ya kurudi nyuma kinaweza kuwa jointi ya ndani, lakini kagua kwanza mauntini, yaani vishikio vya raba vya injini, kwa sababu zikichoka hufanya jambo hilohilo.

Baada ya sauti, tumia mikono. Inua gari, shika fimbo ya shafti kwa mkono mmoja na chungu cha jointi, yaani ganda lake la nje, kwa mkono mwingine, kisha zungusha mbele na nyuma. Unatafuta nafasi iliyomo ndani ya jointi yenyewe. Ukishika fimbo tu na kuzungusha, utasikia kucheza kwa gia zilizo ndani ya giaboksi, na hilo ni la kawaida. Hali kadhalika jointi ya ndani ikiingia na kutoka unapoivuta, usiseme imekwisha; hiyo ndiyo kazi yake.

Buti likiwa limechanika karibuni na jointi haina sauti, hakuna sababu ya kununua shafti nzima. Kazi ya kuitoa ni ileile, lakini ikishatoka unaweza kuosha jointi, ukaikagua, ukajaza grisi mpya na kuvalisha buti jipya. Grisi iwe ile ya jointi yenye molibidenamu, nyeusi au ya kijivu, wala si grisi ya kawaida ya beringi. Jointi ya nje ya gari dogo huchukua takriban gramu 80 hadi 120. Buti zuri huja na pakiti yake iliyopimwa, na pakiti hiyo huwekwa yote: sehemu kubwa unaisukuma katikati ya gololi, inayobaki unaiweka ndani ya buti. Ukiiosha jointi ukapitisha ukucha kwenye mfereji ukahisi kishimo au ngazi, hapo matumaini yamekwisha, nunua nyingine. Kwa maoni yangu, shafti ya kwanza ya gari, iliyotoka nayo kiwandani, ikiwa na jointi nzima, mabuti mapya na grisi mpya, ni bora kuliko shafti mpya ya bei ya chini ambayo rola zake za ndani zimekatwa ovyo. Shafti za namna hiyo hulitikisa gari tangu siku ya kwanza. Yale mabuti ya kugundisha yaliyopasuliwa ubavuni ili yavalishwe bila kutoa shafti siyapendekezi. Gundi hiyo inahitaji raba isiyo na chembe ya grisi, na mahali pale grisi ipo kila upande.

Ukiamua kununua, peleka namba ya chesisi, si jina la gari tu. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na shafti tofauti kulingana na injini, kama giaboksi ni ya kawaida au otomatiki, na kama lina ABS. Shafti ya kulia na ya kushoto nazo mara nyingi hutofautiana urefu. Kabla hujafunga chochote, laza mpya kando ya ya zamani na ulinganishe: urefu zote zikiwa zimebanwa, hesabu ya meno ya upande wa giaboksi, hesabu ya meno ya upande wa habu, unene wa sehemu laini inayokaa kwenye sili (pete ya raba inayozuia oili ya giaboksi isivuje), ukubwa wa nyuzi za nati, na pete ya ABS. Pete hii ni ile yenye vijino inayozunguka jointi ya nje katika baadhi ya magari. Shafti yako ya zamani ikiwa nayo na mpya haina, ABS haitafanya kazi. Hesabu meno kwa kuweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza. Jino moja likizidi au likipungua, haiingii, na anayeilazimisha anaharibu habu.

Kwa vifaa, utahitaji jeki na stendi mbili imara, kabari za magurudumu ya nyuma, wili spana, soketi ya nati ya habu, ambayo mara nyingi ni 30, 32 au 36 mm, mpini mrefu wa kuigeuzia, spana za 14, 17 na 19, bisibisi bapa kubwa, mtaimbo mdogo, nyundo, kipande cha mbao ngumu au shaba, patasi nyembamba, beseni la oili, na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Hiyo ya mwisho watu wengi huiona ni anasa. Azima, kodi, fanya ufanyavyo, lakini uwe nayo siku hiyo. Nunua pia nati mpya ya habu, pini mpya za kupinda, saklipu (pete ya waya) mpya ya ncha ya ndani kama shafti haikuja nayo, sili mpya ya giaboksi ya upande huo, na oili ya giaboksi ya aina sahihi. Siku moja kabla, safisha nyuzi za nati ya habu kwa brashi ya waya na uzinyunyizie mafuta ya kulainisha kutu. Fanya hivyo pia mahali meno ya shafti yanapochungulia kwenye habu.

Egesha gari mahali tambarare na pagumu. Weka kabari nyuma, vuta handibreki. Nati ya habu hulegezwa gari likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake na mtu mwingine amekanyaga breki, kwa sababu imekazwa kwa nguvu ambayo inaweza kulitikisa gari juu ya stendi. Tazama kwanza imefungwa kwa njia gani. Kama ina kofia na pini, nyoosha pini uitoe. Kama ukingo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, inua ukingo huo kabisa kwa patasi nyembamba. Anayeruka hatua hii anazikwangua nyuzi za shafti wakati wa kufungua, na kama alikuwa anabadilisha buti tu, sasa atanunua shafti. Legeza nati kwa nusu raundi na uishie hapo. Usiitoe, na usilisogeze gari. Beringi za habu nyingi hushikwa pamoja na mkazo wa nati na shafti. Ukizibebesha uzito wa gari bila mkazo huo, unaziumiza njia zake za ndani, na mvumo utausikia baada ya wiki kadhaa ukidhani ni bahati mbaya. Legeza na nati za gurudumu kidogo, inua gari, weka stendi chini ya sehemu zilizotengwa na kiwanda, shusha uzito juu ya stendi, kisha litikise gari kwa mkono kabla hujaingia chini. Jeki peke yake ni ya kuinulia. Hakuna kazi ya dakika mbili inayohalalisha kuweka kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.

Gurudumu likishatoka, unapaswa kuiachanisha nako, yaani kile chuma kinachobeba habu na diski, ili isogee nje kiasi cha kuiachia shafti. Kuna njia mbili. Baadhi ya mafundi hufungua bolti mbili kubwa zinazoishika nako kwenye shokapu. Ni rahisi, lakini kwenye magari mengi mashimo ya bolti hizo yana nafasi, na usipoweka alama sahihi, ulalo wa gurudumu unabadilika na tairi linaanza kuliwa upande mmoja. Mimi nachagua njia ya chini: kutoa bolijointi kwenye mkono wa chini, kwa sababu inarudi palepale ilipokuwa bila kupima kitu. Kwenye magari mengine bolijointi imefungwa kwa bolti moja na nati mbili, kwenye mengine inabanwa na bolti moja iliyopita kwa ubavu. Ondoa pia tairodi endi, ncha ya fimbo ya usukani, kwenye nako. Toa pini, rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha, kisha gonga ubavu wa jicho la nako, si ncha ya tairodi. Pigo mbili tatu kavu hulegeza mkazo wa umbo lake la mteremko. Ile uma ya chuma inayopigwa kati hufanya kazi pia, ila huichana raba ya tairodi mara nyingi. Usizungushe tairodi endi kwenye nyuzi zake, maana hapo ndipo alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, ilipo. Fungua kishikio cha waya wa sensa ya ABS na cha paipu ya breki, ili nako ikivutwa nje, uzito usiangukie kwenye waya wala paipu.

Sasa shafti itoke kwenye habu. Hapa ndipo nyundo inapofanya uharibifu. Ukigonga ncha tupu ya shafti, inatanuka kidogo tu kama kofia ya uyoga, na hicho kidogo kinatosha kuzuia nati isirudi. Acha nati ya zamani kwenye nyuzi, uso wake ukiwa sawa na ncha, weka kipande cha shaba au mbao, kisha piga. Isiposogea kwa mapigo machache ya wastani, usiongeze nguvu. Nyunyiza mafuta tena, subiri, au tumia pula inayofungwa kwenye bolti za gurudumu na kusukuma ncha kwa skrubu yake. Ikishaanza kuteleza, ondoa nati, vuta nako nje kwa mkono mmoja na uiongoze shafti kwa mwingine. Usiiache ining'inie. Jointi ya ndani ikibeba uzito wote ikiwa imepinda sana, rola zinaweza kuchomoka ndani ya chungu chake na buti kuchanika.

Weka beseni chini ya giaboksi. Magari mengine humwaga kikombe, mengine zaidi ya lita moja, kutegemea kimo cha oili na mwinamo wa gari. Njia safi ni kumwaga oili yote kwanza kupitia plagi yake. Jointi ya ndani hushikwa na saklipu, pete ya waya iliyokaa kwenye mfereji karibu na ncha, ambayo hujifungua ndani ya gia na kuzuia shafti isitoke. Pete hiyo haiachii kwa kuvutwa. Ukivuta fimbo, unachotoa ni rola za jointi. Ingiza mtaimbo kati ya chungu cha jointi na mwili wa giaboksi, tafuta mahali penye chuma kinene, kisha toa mkatuo mmoja mfupi wa ghafla. Ikikataa, zungusha shafti robo raundi na ujaribu tena, kwa sababu mdomo wa pete unaweza kuwa umelalia pabaya. Mwili wa giaboksi ni alumini; usiegemee ukingo mwembamba, na usiuruhusu mtaimbo ugusie sili. Kwenye baadhi ya magari shafti ya kulia ni ndefu na ina beringi ya katikati inayoshikwa na kishikio kwenye injini. Hiyo ina bolti zake, zifunguliwe kwanza, wala usikatue. Na kama unabadilisha pande zote mbili, maliza mmoja kabla ya kuanza mwingine. Zipo giaboksi ambazo gia za difa (zile zinazogawa mzunguko kwa shafti mbili) huteleza kutoka mahali pake shafti zote mbili zikiwa nje, na kuzirudisha ni kazi nyingine kabisa.

Shafti ikiwa nje, badilisha sili. Ni kitu kidogo, na hutapata nafasi nzuri kama hii. Pima kwa kidole au kwa rula imezama kiasi gani kabla ya kuitoa. Ikatue kwa bisibisi bila kukwaruza ukuta wa alumini, pangusa tundu, kisha ingiza mpya ikiwa imenyooka kabisa, upande wenye springi ukitazama oili. Igonge kwa soketi au kipande cha bomba chenye upana unaokaribia wa sili, ukizunguka kidogo kidogo, mpaka kina kilekile. Paka ulimi wake oili safi. Sili iliyoingia kwa mshazari itavuja hata kama ni ya kiwanda.

Kufunga shafti mpya kunahitaji utulivu zaidi kuliko nguvu. Vaa saklipu mpya na uiweke mdomo wake ukiangalia chini. Hivyo ndivyo vitabu vya Toyota vinavyoelekeza, na inaingia kwa wepesi. Paka meno oili kidogo. Ibebe shafti ikiwa imelala sawa, ipitishe katikati ya sili bila meno kugusa ulimi wake. Hilo ni jambo la sekunde chache, na ndilo linaloamua kama giaboksi itavuja. Zungusha taratibu mpaka meno yakutane, kisha isukume kwa mkupuo mmoja ukishika chungu cha jointi. Utaisikia pete ikikaa. Usiiamini sauti peke yake. Shika chungu, usishike fimbo, vuta nje: icheze milimita chache tu na igome. Ikitoka kwa mkono, pete haijakaa, na shafti hiyo inaweza kuchomoka barabarani.

Upande wa habu, safisha meno, pitisha ncha, na uivute kwa kukaza nati pole pole, wala usiisukume kwa nyundo kutoka ndani. Rudisha bolijointi na tairodi, kaza kwa vipimo vya gari lako, weka pini mpya. Tundu la pini lisipolingana, kaza mbele kidogo mpaka lilingane. Usirudishe nati nyuma hata kidogo. Rudisha vishikio vya paipu na waya, na hakikisha paipu haijasokotwa.

Nati ya habu nayo ina neno lake. Kwa magari madogo mengi kipimo huangukia kati ya 180 na 300 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa mfano, ni 216 Nm, na nati zake za magurudumu ni 103 Nm. Ili uone ukubwa wake, 216 Nm ni sawa na kilo 22 zikining'inia kwenye mpini wa mita moja. Mtu anayekaza kwa mpini wa sentimita 25 akidhani amefika hajafika hata nusu. Anayetumia mashine ya upepo bila kupima naye huweza kupitiliza na kuzinyoosha nyuzi. Nati ikilegea, habu inacheza juu ya meno, meno yanalika na beringi inakufa. Ikizidi, beringi inabanwa na kupata joto. Kaza gari likiwa bado juu, mwenzako akikanyaga breki kwa nguvu zake zote, na ukae mahali ambapo unaweza kuvuta mpini taratibu bila kulitikisa gari. Kama breki haitoshi kushika, funga gurudumu, lishushe mpaka tairi liguse tu ardhi huku jeki bado imebeba uzito, umalizie hapo. Kisha gonga ukingo wa nati mpya uingie kwenye mfereji, au rudisha kofia na pini. Nati ya zamani iliyogongwa ukingo au yenye raba ya kujifunga haitumiki mara ya pili.

Oili ya giaboksi isiwe ya kubahatisha. Giaboksi ya kawaida hujazwa gari likiwa tambarare mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Otomatiki yenye kijiti hupimwa oili ikiwa imepata joto na injini inanguruma, baada ya kupitisha gia zote ukiwa umekanyaga breki. Giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za ngazi, inataka oili yake tu. Kuichanganya na ya otomatiki ya kawaida ni kuiua.

Kabla ya kutoka, zungusha gurudumu kwa mkono na utazame mabuti yote mawili yakizunguka. Buti lililosokotwa au lililonyonywa ndani litapasuka baada ya muda mfupi. Linyanyue kidogo ukingo wake kwa bisibisi isiyo na ncha kali ili hewa iingie, kisha kaza klipu upya. Endesha polepole, rudia ule mduara wa uwanjani pande zote, kisha ongeza mwendo kwenye barabara iliyonyooka na usikilize unapokanyaga na unapoachia mafuta. Ukirudi, kaza tena nati za gurudumu, tazama sili kwa tochi. Asubuhi ya pili weka kadibodi chini ya giaboksi kwa saa chache: tone moja jipya linatosha kukuambia urudi kuitazama sili. Shafti ya zamani ihifadhi mpaka mpya imethibitika. Ikiwa ni ya kiwanda na ni jointi moja tu iliyokufa, ile nyingine bado ina kazi, na fimbo yake inaweza kuvalishwa jointi mpya.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa magari